Pita, Usinisalimie

Asubuhi ile niliamka, nikanawa uso, nikavaa koti na kutoka. Sikuwa na safari wala mtu wa kumwona. Dada yangu Masika, ambaye nilikuwa nimefikia kwake Murara, mjini Goma, majuma machache kabla, aliniuliza kutoka jikoni, "Unaenda wapi?" Nikamjibu, "Nitajua nikifika." Hilo ndilo jibu ninalompa tangu tukiwa watoto Butembo, na linamkasirisha kuliko matusi.

Nimeishi hivyo. Shule niliiacha mapema. Si kwamba sikupenda kujifunza. Mwalimu alitusimulia habari za mto mkubwa, na mimi nikataka kwenda kuuona juma hilohilo. Tangu hapo nimebeba mizigo, nimeuza chumvi, nimechunga ng'ombe wa watu Masisi, nimewapikia madereva wa malori. Palipowezekana nilikwenda kwa miguu, kwa sababu mtu aliye juu ya gari hapati nafasi ya kuuliza maswali.

Siku ile miguu ilielekea magharibi, njia ya Sake. Sikufika mbali kabla tafu ya mguu wa kushoto, ile nyama ya nyuma chini ya goti, haijakaza. Ilikaza kama nguo inayokamuliwa na mwanamke mwenye hasira. Nikasimama, ikalegea. Nikaanza tena, ikakaza tena. Nilidhani ni viatu, nikavifungua kamba. Nilidhani ni baridi ya usiku, nikausugua mguu. Kufika Mugunga nilikuwa nimesimama mara nyingi kiasi kwamba kuku wa njiani walikuwa wamenizoea. Nikakaa juu ya jiwe jeusi, nikautazama mguu wangu kama mtu anavyomtazama rafiki aliyemsaliti.

Dereva wa pikipiki, motari kama tunavyosema kwetu, alisimama mbele yangu.

"Muzee, unangoja mutu?"

"Nangoja muguu."

Akacheka, akanirudisha mjini. Masika alikuwa bado jikoni.

"Umeshajua ni wapi?" akauliza.

"Ni hapa," nikasema, nikakaa chini.

Ninaandika haya kwa sababu siku ile sikumjua mtu hata mmoja mwenye ugonjwa huu, au niseme, sikujua kwamba ninawajua. Baadaye niliwaona kila mahali: wale wazee wanaosimama mbele ya duka wasimonunua kitu, wale akina mama wanaojifanya kutengeneza kitenge katikati ya njia. Kama tafu yako inakaza ukitembea na kulegea ukisimama, kaa nami kidogo. Mimi si daktari. Nitakuambia tu ilivyokuwa.

Hospitalini kulikuwa na benchi refu la mbao. Aliye mwishoni mwa benchi karibu na mlango ndiye anayeingia, na wote waliobaki wanasogeza makalio yao nafasi moja. Mbao ilikuwa imeng'aa kwa miaka ya kusogelewa. Nilikaa kati ya mama mwenye shavu lililovimba kwa jino na kijana aliyeanguka kutoka juu ya paa, nikawauliza yote niliyotaka kujua kuhusu meno na mapaa. Tulipofika mlangoni tulikuwa kama ndugu. Yule mama aliniachia ndizi yake, maana hakuweza kuitafuna.

Daktari alinivua soksi na kuutazama mguu. Mimi mwenyewe nilikuwa sijautazama mguu huo kwa muda mrefu. Vinyweleo vya chini ya goti vilikuwa vimekwisha, ngozi ilikuwa inang'aa kama kitu kilichopakwa mafuta, na ukucha wa kidole gumba ulikuwa mnene kama pembe. Mguu wa kulia ulikuwa na joto, wa kushoto ulikuwa baridi kama wa mtu mwingine. Akanifunga kifundoni kile kitambaa cha kupimia tansyo, yaani presha, ambacho nilikuwa nimekiona mikononi tu, akagusisha ngozi kwa kalamu yenye waya. Mashine ikaanza kutoa sauti.

"Hiyo ni nini?" nikauliza.

"Ni damu yako, inapita."

Nikamwomba nisikilize tena. Katika mguu wa kulia ilikuwa inavuma, fshaa, fshaa, kama chukudu, lile gari letu la mbao la magurudumu mawili, lenye mzigo linaloteremka kilima. Katika mguu wa kushoto ilikuwa inanong'ona. Nilikaa pale na mdomo wazi. Nimezunguka nchi nzima nikitafuta mambo ya ajabu, na hilo nilikuwa nalo ndani ya suruali.

"Mushipa umebanana," daktari akasema. "Dawa ya kwanza ni kutembea. Ya pili ni kuacha tumbako, kabisa, si kupunguza. Ya tatu ni hivi vidonge."

"Na nisipofanya?"

"Maumivu yatakuwa yanakungoja karibu zaidi na zaidi. Siku moja muguu utauma hata umelala. Kutoka hapo tunaanza mazungumzo mengine." Alipokuwa anasema hivyo aliutazama mguu wangu jinsi fundi anavyotazama ukuta ambao huenda ukabidi ubomolewe. Sikumuuliza mazungumzo gani.

Wakati huo hapakuwa na mtu wa kunisimamia katika zoezi hilo la kutembea hapa Goma. Kulikuwa na kine mmoja Bukavu, yaani mganga wa kunyoosha viungo, aliyekuwa anawafuatilia wagonjwa kwa simu, kwa sababu mwaka ule njia kati ya miji yetu miwili hazikuaminika. Jina lake Nabintu. Sijawahi kumwona uso kwa uso hadi leo, na anaujua mguu wangu kuliko mama yangu aliyeuzaa.

Masika alipopata habari hakulia. Alifurahi! Alijaribu kuficha, lakini nilimsikia akimwambia jirani, "Sasa Mungu amemufunga kamba." Kabla ya juma kwisha fundi alikuwa amepigilia kibanda cha mbao mbele ya uzio wetu. Kilikuwa na dirisha dogo, rafu, na kiti chenye mto. Ndani yake ningekaa kuuza unite za simu, yaani vocha, na kuchaji betri za watu, kuanzia asubuhi hadi jioni, kuanzia siku hiyo hadi kufa kwangu.

"Ni kazi ya heshima," akasema. "Utaona watu wote."

"Nitaona viuno vyao tu, Yaya," nikamjibu, maana kwetu dada mkubwa huitwa hivyo. "Dirisha liko chini."

Tulibishana juma zima, kisha tukapatana. Kiangazi kilikuwa kinaanza. Mvua ikirudi, kama ningekuwa bado nasimama kila hatua kama mbuzi aliyefungwa, ningeingia kibandani na asingesikia neno langu tena. Kama ningeweza kwenda kwa miguu mpaka ziwani Himbi na kurudi, angeniacha na maisha yangu. Nilimpa mkono. Usiku nilikiota kile kiti.

Nabintu alinipigia siku ya Jumatatu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetabasamu huku akiandika.

"Papa Kasereka, kila siku utembee. Hata kama hujisikii, utembee."

Nikatii kwa moyo wote. Kwetu kutembea ni kwenda kwa watu. Jumatatu nilitembea kwa rafiki yangu wa zamani karibu na soko, tukala maharage. Jumanne nilitembea kwa mwingine, tukala samaki. Jumatano Nabintu akapiga.

"Ulitembea?"

"Sana! Jana nilitembea mpaka jioni."

"Muguu ulisema nini?"

"Haukusema kitu. Uko muzuri kabisa."

Kalamu yake ikasimama. "Ulitembea na nini?"

"Na moto, ile pikipiki. Motari wangu ni mutu mupole, hakimbizi."

Nilisikia simu ikiwekwa mezani, kisha kicheko, kisha mtu mwingine chumbani mwake akiuliza kuna nini. Aliporudi alikuwa anahema. "Aksanti, Papa. Kosa ni langu. Hata kwetu Bukavu kutembea njo hivyo. Kuanzia leo sitasema tena hilo neno. Nitasema kukanyaga. Ukanyage chini, na viatu vyako, mpaka tafu iume. Umesikia?"

"Mpaka iume?"

"Mpaka iume vizuri. Halafu unasimama, inalegea, unakanyaga tena."

Hapo ndipo wagonjwa wengi wanamkimbia, aliniambia baadaye, na ninawaelewa. Maisha yangu yote maumivu yalikuwa ndiyo alama ya kuacha. Huyu mama alitaka niyafuate kama mtu anayefuata ng'ombe aliyepotea.

Namna yake ya kunisimamia ilikuwa hii. Siku tatu kwa juma alipiga simu nikiwa njiani. Simu niliiweka katika mfuko wa koti kifuani, na yeye akaniomba nisimulie. Chochote. Nikamsimulia ng'ombe wa Masisi, madereva wa malori, yule padri aliyekuwa na kasuku mwenye matusi. Nabintu hakuniuliza maumivu ni mangapi kati ya kumi, kama wanavyouliza wengine. Alikuwa anasikiliza maneno. Maumivu yakianza, sentensi zangu zilikuwa fupi. Yakizidi, nilisahau jina la padri. Nikinyamaza kabisa, alisema, "Simama sasa. Pumzika. Kasuku alimwambia nini askofu?" Nami nikiwa nimeshika nguzo ya umeme nilimalizia hadithi, mguu ukalegea, tukaendelea.

Ilikuwa kiangazi. Vumbi jeusi liliingia kila mahali, hata katika masikio ya simu. Tumbako niliiacha siku ya kwanza, na nitakuwa mwongo nikisema ilikuwa rahisi. Nilitafuna karanga mchana kutwa mpaka Masika akasema nyumba yake imekuwa ya panya. Mikono haikujua pa kwenda. Lakini baada ya siku kadhaa nilisikia harufu ya uji wake kutoka barabarani, nikakumbuka kwamba vitu vina harufu.

Masika hakumpenda Nabintu. "Muganga gani anatafuta maumivu?" aliuliza kila jioni. "Mutu anaumwa, anaambiwa aongeze! Na huyo mama humujui hata sura." Asubuhi moja viatu vyangu havikuonekana. Nilitafuta chini ya kitanda, nyuma ya mlango, ndani ya pipa la unga. Simu ikalia, nikachukua sandali zake za kanisani na kutoka.

"Leo umevaa nini?" Nabintu akauliza kabla sijafika kona. "Nasikia pa-pa-pa kama bata."

"Sandali za dada yangu."

"Rudi. Ukijikwaa juu ya mawe yenu ya volkano, kidonda cha muguu huo hakitapona haraka. Rudi, muongee na dada."

Nikarudi. Masika alikuwa amekaa kitandani mwangu na viatu vyangu magotini. Shemeji yangu alikuwa safarini kwa biashara zake kama kawaida, nyumba ilikuwa kimya.

"Weye hujui," akasema. "Kila ukitoka, mimi naanza kukuzika. Nasikia habari za njia, nahesabu ni njia yako. Unarudi, nakufufua. Unatoka, nakuzika tena. Nimechoka kukuzika, Kasereka. Sasa Mungu amekuweka chini mara moja, na mama wa telefone anakuinua!"

Nilikaa karibu naye. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba ninapoondoka kuna mtu anayebaki akifanya kazi kama hiyo.

"Nipe viatu, Yaya," nikasema mwishowe. "Muguu huu ukifa, utanizika kipande kipande."

Akanitupia kimoja, kisha baada ya muda kingine.

Basi nikaendelea. Majuma yakapita, na hakuna kilichobadilika. Njia aliyonichagulia Nabintu, kwa kuwa haina mteremko mkali wala mawe mengi, inashuka kutoka Murara kuelekea upande wa Himbi. Kila siku niliishia palepale, mbele ya meza ya mjane mmoja anayeitwa Mama Riziki, auzaye sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wabichi na wa kukausha. Nilisimama, nikamsalimu, nikamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za bei ya samaki. Mguu ukapumzika kwa heshima, bila mtu kujua. Watu walianza kunisifu. "Yule papa wa Murara ana adabu," walisema. "Hampiti mutu." Nilikuwa nasimama kwa muuza makala, yaani mkaa, kwa fundi cherehani, kwa mwenye farmasi, na kwa Mama Riziki kwa muda mrefu zaidi.

Siku moja Nabintu akaniambia, "Papa Kasereka, nikuulize kitu. Maumivu yako yanakukuta kila siku kwa watu walewale. Kwa makala, kwa cherehani, kwa sambaza."

"Ndiyo. Njo mahali yanafika."

"Apana. Maumivu haina rafiki. Wewe njo una rafiki. Unasimama kabla hayajafika. Bado unasema sentensi nzima, unaniambia kasuku, mara moja, 'Jambo Mama Riziki!' Hata hujanyamaza."

Nilinyamaza wakati huo.

"Unaogopa," akasema kwa upole. "Si mubaya. Lakini muguu haujifunzi kitu kwa salamu. Kuanzia leo unapita bila kusimama."

Wewe unayesoma kutoka miji mingine huenda usione tatizo. Kwetu kumpita mtu unayemfahamu bila kusimama ni kumwambia amekufa. Ni afadhali ukanyage sambaza zake. Kesho yake nilijaribu. Nilipita mbele ya Mama Riziki nimetazama mbele kama askari, na nilikuwa sijafika mbali niliposikia nyuma yangu, "Eeeh! Leo mimi nimekuwa ukuta?" Tafu ilikuwa inakaza kwelikweli, na aibu ilikuwa inakaza zaidi. Nikarudi.

Mama Riziki alikuwa amekunja mikono. Niliona, kwa mara ya kwanza, kwamba amevaa kitenge kipya na kwamba majirani zake wawili wameacha kazi zao ili wasikie.

"Papa," akasema, "mimi si mutoto. Mutu anasimama kwangu kila siku tangu kiangazi kianze. Anauliza watoto wangu wanasoma wapi. Anauliza kama paa linavuja. Hanunui sambaza. Halafu leo ananipita. Kama umebadilisha mawazo, unasema. Kaka yangu alishaanza kuuliza kwenu ni wapi."

Nilielewa polepole, kama maji yanayopanda. Mtaa mzima ulikuwa unangoja posa.

"Mama," nikasema, "ni muguu."

"Muguu gani?"

Nikavuta suruali juu. Nilimwonyesha ule mguu unaong'aa, mwembamba kuliko mwenzake, nikamweleza yote: kukaza, kulegea, benchi la hospitali, mama wa Bukavu aliye mfukoni. Nikatoa simu kama ushahidi. Nabintu, ambaye alikuwa amesikia kila neno, akasema, "Jambo yenu, Mama Riziki. Ni kweli. Anasimama kwako kwa sababu ya muguu."

Jirani mmoja akaanza kucheka, akashika meza, na Mama Riziki mwenyewe akacheka mpaka akafuta macho kwa kitenge kile kipya. "Kumbe nilipendwa na tafu!" akasema. "Na mimi nilikuwa naona huyu mwanaume anatoka jasho mbele yangu, nikasema, huyu ana mapenzi ya nguvu."

Alipotulia alimuuliza Nabintu, "Sasa anatakiwa kufanya nini?"

"Apite. Asisimame mpaka iume sana."

"Basi atapita. Mimi njo nitamupitisha."

Na akanipitisha. Kuanzia kesho yake, nilipotokea tu kwenye kona, alisimama nyuma ya meza yake na kupaza sauti: "Pita! Pita, usinisalimie!" Muuza makala akaisikia, akaiiga. Fundi cherehani aligonga mkasi mezani na kuimba, "Pita, papa, pita!" Mwenye farmasi, mtu mzito asiyecheka, alinipungia mkono kama polisi wa barabarani. Hiyo ndiyo ikawa salamu yangu. Nilipita mbele za watu wote niliowaheshimu bila kuwasalimu, na walikuwa wananishangilia kwa kunifukuza.

Maumivu niliyajua sasa. Yalikuja baada ya Mama Riziki, yakakaza, nikakanyaga ndani yake mpaka maneno yakaniishia, nikasimama mahali ambapo hapana mtu wa kusalimu, palipo na ukuta na maua ya bougainvillea tu. Baada ya majuma mawili ukuta ule ukawa nyuma yangu. Nilianza kusimama mbele ya lango la kijani, kisha mbele ya mti uliokatwa. Kila mahali papya palikuwa kama mji ambao sijawahi kufika, na nilimsimulia Nabintu palivyo. Alifurahi kuliko nilipomsimulia Masisi.

Masika alikuwa hajui. Alikuwa amekataa kunitazama nikitembea. Siku moja alitoka sokoni na kapu, akapita njia ile, akamsikia mwanamke asiyemjua akinipigia kelele mbele ya watu: "Pita! Pita huko!"

Kapu likawekwa chini.

"Weye mama! Ndugu yangu amekukosea nini mpaka unamufukuza kama mbwa?"

"Simufukuzi," Mama Riziki akajibu. "Namuponyesha."

"Kwa kumutukana?"

"Kwa kumupitisha! Weye ni nani?"

Ningewaeleza, lakini tafu ilikuwa inakaza vizuri na mfukoni Nabintu alikuwa anasema, "Usisimame, Papa, usisimame, waache, kanyaga." Nikapita kati yao. Nyuma yangu nilisikia wanawake wawili wenye sauti kubwa wakianza, na fundi cherehani akijaribu kusuluhisha na kunyamazishwa na wote wawili.

Nilikwenda mbali siku ile kuliko siku zote, sehemu kwa mazoezi na sehemu kwa woga. Niliporudi walikuwa wamekaa kwenye benchi moja wakichambua sambaza. Masika alinitazama nikipanda kutoka kule chini mpaka nilipofika.

"Umetoka kule kwenye mti uliokatwa?"

"Ndiyo, Yaya."

"Bila moto?"

"Bila."

Akachukua sambaza mmoja, akamtazama, akamtupa katika beseni. "Mbona hukuniambia kwamba inafanya kazi?"

"Nilikuambia kila jioni."

"Uliniambia inauma!"

Mvua ya kwanza ilirudi alasiri moja, ile kubwa inayogonga mabati mpaka watu wanaongea kwa ishara. Ilipopungua nikavaa viatu. Masika akachukua mwavuli bila kuombwa. Tulishuka pamoja, muuza makala alikuwa amefunika mali yake, lakini Mama Riziki alikuwa chini ya hema lake la plastiki, akatupitisha wote wawili. Maumivu yalikuja karibu na Himbi. Yalikuwa madogo, kama mtoto anayekuvuta koti, nikamwacha avute. Tukafika ziwani. Tulisimama mara moja wakati wa kurudi, na aliyeomba kusimama ni Masika.

Siku chache baadaye nilikuta kijana fundi wa simu akipanga vifaa vyake kwenye rafu za kibanda. Kiti chenye mto alikipenda sana.

Daktari alinipima tena. Mshipa ni uleule, alisema, haukufunguka kwa muujiza. Mguu ndio uliojifunza kutumia kidogo kinachofika. Mazoezi hayana mwisho, vidonge havina mwisho, na tumbako imekwisha milele. Nilikubali yote. Usiku nikigusanisha miguu chini ya blanketi, wa kushoto sasa una uvuguvugu, na hilo nimelifurahia kuliko pesa yoyote niliyowahi kupata. Kama unaanza leo, neno langu kwako ni moja: waambie watu wa njia yako. Mimi nilificha ugonjwa ndani ya adabu na karibu unile.

Nilipoamua kuondoka tena nilimwambia Masika jioni kabla, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Alinifungia karanga na vidonge katika mfuko mmoja, akaniamuru nimpigie simu kila jioni, hata kama sina la kusema. "Ukipiga, sikuziki," akasema. Nikakubali hilo pia.

Bandarini nilisikia abiria wawili wakigombana ni wapi nanasi ni tamu zaidi, upande wa kaskazini au wa kusini wa kisiwa cha Idjwi. Mimi sikuwahi kufika upande wowote. Nikakata tikiti.

Boti ilitushusha kisiwani, mbele ya kilima. Motari mmoja alinikaribia na kutaja nauli, nikamshukuru. Nilipanda polepole kati ya migomba na mibuni, tafu ikakaza, nikasimama katikati ya njia bila kujifanya natazama kitu. Watu walipita wakanisalimu kwa Kihavu, nikawajibu kwa Kiswahili, nikaendelea. Juu kabisa kulikuwa na nyumba ya matofali, na mlangoni mama mwenye miwani anayeitwa Mama Faida, ambaye watu wa bandarini walisema anapokea wageni.

"Chumba kiko," akasema. "Kitanda kiko, chandarua kiko. Maji njo hakuna. Yanatoka kule chini kwenye chemchemi, kila mugeni anajitekea. Unakaa siku ngapi?"

"Sijajua, mama. Kule chini wapi?"

Akaninyooshea kidole, mbali, chini ya migomba. "Kushuka hakuna shida. Kupanda njo wageni wanalia." Akazitazama mvi zangu, kisha viatu vyangu. "Ama niite mutu akutekee?"

"Apana, mama. Nionyeshe tu bidon."

Alinipa dumu la njano, kizibo chake ni gunzi la mahindi. Niliweka mkoba wangu juu ya kitanda ili kijulikane kina mwenyewe, nikashuka.